Mshono Umekauka, Mguu Ungali Unawaka

Mgonjwa wa mgongo arudiye Arusha kutoka Moshi au Dar es Salaam, mkanda kiunoni na bahasha ya picha kwapani, hupokewa na jamaa zake kwa shangwe ya mtu aliyenusurika, na kwa majuma ya mwanzo shangwe hiyo huwa ya haki. Lakini wapo ambao, mshono ukiisha kukauka na wageni wakiisha kutawanyika, husikia tena ule moto uliokuwa ukishuka kutoka nyongani hadi kidole gumba cha mguu, au husikia jambo ambalo hawakuwa nalo kabla: ganzi ya unyayo, kisigino kilicholegea, sisimizi wasioonekana wakitembea chini ya ngozi. Tafiti za ng'ambo hutaja wagonjwa kati ya 10 na 40 katika kila 100 waliopasuliwa kiuno kuwa maumivu yao huendelea au hurejea, na hata tukiishika hesabu iliyo ndogo, idadi hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati mbaya. Mgonjwa huyu ni wa nani? Aliyempasua yuko mbali, na aliye karibu naye hakumpasua.

Barua ya rufaa kwetu hupanda kwa desturi iliyonyooka, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, kisha hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kushuka ndiko kusiko na desturi. Aghalabu mgonjwa hushuka na tarehe ya kliniki tu, na asubuhi ya usiku aliokesha akiusugua mguu, mlango wa kwanza auonao ni wa duka la dawa, ambako huuziwa diklofenaki, dawa isiyofaa sana kwa neva iliyojeruhiwa na ambayo, ikizoewa, hudhuru figo na tumbo.

Insafu yatutaka tukiri kwamba upasuaji huu haukuahidi yote tunayoubebesha. Tangu William Mixter na Joseph Barr, matabibu wa Boston, walipoandika mwaka 1934 kwamba diski iliyochomoza huweza kuubana mzizi wa neva, kazi kubwa ya kisu imekuwa kukiondoa kile kibanacho. Hakina mamlaka juu ya neva iliyokwisha kuumia ndani kwa kubanwa miezi mingi, wala hakizuii kovu kuuzingira mzizi uleule, wala diski ileile kuchomoza upya, wala pingili jirani kuchoka kwa mzigo iliyourithi. Dawa za neva, kama amitriptilini na gabapentini, hutenda polepole na kwa baadhi tu ya watu, na sharti zipimwe na mtu amjuaye mgonjwa.

Hivyo dalili iliyobaki, dalili iliyorudi na dalili iliyo mpya ni habari tatu mbalimbali, ingawa mgonjwa huzisimulia zote kwa neno moja, "mgongo". Iliyobaki yaweza kuwa ya neva iliyochelewa kuokolewa, au ya pingili isiyopasuliwa. Iliyorudi baada ya miezi ya nafuu hutia shaka ya diski au kovu. Iliyo mpya, ikiwa ni homa iandamanayo na maumivu yazidiyo usiku, yataka utafutwe usaha. Na mkojo ukikataa kutoka, ganzi ikashika makalio na mapaja kwa ndani, miguu yote miwili ikalegea, hapo hakuna kungoja kliniki, maana neva hizo huokolewa kwa kuhesabu saa, wala si majuma. Ni nani aliyemwambia hayo dereva wa magari ya utalii, au yule mgumu, mpagazi apandishaye mizigo mlimani, siku aliporuhusiwa kutoka wodini?

Nasi wa Mlima Meru tunayo sababu ya ziada ya kumfuatilia mgonjwa huyu. Maji ya miteremko ya Meru hubeba floridi ya miamba ya volkano, mahali pengine mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani; watu wa Arumeru huijua kwa meno ya kahawia, na kijijini Tindigani, wilaya ya Hai, watafiti wameieleza kwa miguu ya watoto iliyopinda. Huko Ngurdoto kipo kituo cha Wizara ya Maji kilichojishughulisha kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa ya mnyama ikiikomboa ya mwanadamu, kazi ambayo hakika haijasifiwa ya kutosha. Lakini floridi ya miaka mingi haiishii menoni: huzifanya kano za pingili kuwa ngumu kama mfupa na huweza kuufinya mfereji wa uti, hata mtu aliyefunguliwa pingili moja akawa na nyingine zilizobanwa. Kibong'oto nayo, hospitali ya kifua kikuu tangu miaka ya 1920, iko jirani kutukumbusha kwamba maradhi hayo hula pingili na kujifanya diski. Tabibu wa Dar es Salaam hana njia ya kujua mgonjwa alikunywa mto gani utotoni, asipoambiwa. Wa Arusha anaweza kujua, lakini yeye hakuandikiwa.

Wapo wasemao, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba maadamu wapasuaji ni haba na foleni ni ndefu, kila shilingi iende katika chumba cha upasuaji. Ningewaafiki kama mgonjwa asiyefuatiliwa angetoweka. Hatoweki; hurudi katika foleni ileile akiomba kisu cha pili, na yajulikana kwamba kila upasuaji wa kurudia huwa na tumaini dogo kuliko uliotangulia. Mtaalamu wa tiba ya viungo ni rahisi kuliko kisu hicho cha pili, na Moshi imekuwa ikiwafunza tangu miaka ya 1970. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wapangao kitita chake wauhesabu mwaka wa baada ya upasuaji kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe.

Na kabla fedha hiyo haijapatikana, liko lisilogharimu ila wino: mgonjwa wa mgongo asitoke wodini bila karatasi ya Kiswahili itajayo pingili iliyofunguliwa, kilichokutwa humo, dalili za kumkimbiza hospitali na nambari ya simu ya wodi, na nakala yake imtangulie kufika Mount Meru.