Mwizi Hatoki Mbali



Mama mkwe alipotutembelea hapa Same mjini kutoka Mbaga, usiku wa kwanza hakulala. "Mwanangu, mji huu una wezi," alisema. "Barabara ya Dar es Salaam na Arusha inapita hapa, mabasi yanashusha watu msiowajua." Jirani yangu alicheka. Kwake mji ni salama, kuna taa na kituo cha polisi. Yeye anaogopa giza la njia za mlimani.

Nani mkweli? Kila mmoja aliogopa mahali asipopajua. Lakini nilipowauliza waliwahi kuibiwa nini, mama mkwe alitaja mbuzi aliyechukuliwa na kijana wa jirani. Rafiki yangu alitaja fedha zilizochukuliwa na ndugu aliyemkaribisha. Hakuna aliyetaja mgeni wa basi.

Nikanyamaza, nikawaza watoto wetu. Tunaweka nondo madirishani kumzuia mgeni, kumbe mtoto anaweza kumwogopa mtu anayekula mezani petu. Mama, mtoto akikataa kubaki na mtu fulani, usimkemee. Msikilize kwanza. Akikueleza jambo baya, usilimalize kwa vikao vya ukoo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Kesho yake nilimpeleka mama mkwe kuwasalimu majirani, nyumba kwa nyumba. Usiku ule alilala.

Nondo ni zile zile. Majirani ndio aliowafahamu.