Kiporo cha mjini na somo la michembe ya Goweko

WAKATI familia nyingi za mijini zikiamini kuwa jokofu ndiyo dawa ya chakula kuharibika, wenyeji wa Tabora wamehifadhi chakula kwa vizazi vingi bila kutegemea umeme.

Goweko, wilayani Uyui, ni mojawapo ya stesheni za Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 katika ukanda wa njia ya kale ya misafara. Katika nchi hiyo ya Wanyamwezi, kama ilivyo kwa jirani zao Wasukuma, viazi vitamu haviachwi vioze. Vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa. Kazi hiyo hufanyika kiangazi, na chakula huliwa miezi ya mbele wakati mavuno mapya bado hayajafika.

Somo lililopo hapo si la jua pekee, bali la mpango. Mwenye kuanika michembe anajua tangu mwanzo kuwa ni chakula cha msimu fulani. Kiporo cha mjini mara nyingi hakina mpango huo. Huingizwa katika friza kwa sababu mwenye nyumba anaona uchungu kukitupa, hufunikwa na vingine, na baada ya miezi kadhaa hutupwa kikiwa jiwe la barafu. Hapo hasara huwa mara mbili: ya chakula na ya umeme uliokigandisha.

Tatizo hilo si la matajiri peke yao. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani. Kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati, wastani wa chakula kinachotupwa majumbani ulitofautiana kwa kilo saba tu kwa mtu kwa mwaka.

Hapa nchini, mkakati wa taifa wa mwaka 2019 hadi 2029 umejikita katika upotevu wa mazao baada ya kuvuna. Lakini chakula kilichokwisha kulipiwa sokoni, kikatumia mkaa au gesi, kinabaki mikononi mwa familia yenyewe.

Friza inaweza kusaidia, ila kwa masharti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaonya kuwa chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali ulioachwa ndani ya sufuria usiku kucha ni hatari, kwa kuwa sumu ya bakteria aina ya Bacillus cereus haiondoki kwa kupashwa moto. Kugandisha nako hakuui vijidudu vyote, bali huvizuia kuongezeka. Kiporo kikiyeyushwa, kipashwe hadi kichemke, na kisirudishwe tena kwenye barafu.

Maharage ni mfano mzuri. Yanakula mkaa mwingi, hivyo kuchemsha chungu kimoja kikubwa, kuyagawa kwa mafungu ya mlo mmoja, kuandika tarehe na kuyagandisha huokoa fedha na muda. Siku moja ya juma ikitengwa kwa ajili ya kumaliza mafungu ya zamani kabla ya kwenda sokoni, friza hugeuka ghala badala ya kaburi.

Umeme nao usisahaulike. Mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwakumbusha wengi kuwa akiba ya barafu ina mipaka. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Asiye na uhakika wa umeme ni heri apike kwa kipimo, au arejee kwenye njia ya kuanika.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, kitu hakiwi akiba kwa kufichwa kwenye baridi. Huwa akiba pale mwenye nacho anapojua atakitumia lini, na siku hiyo ikifika, akakipika. Hilo ndilo lililoifanya michembe iwe chakula, na ndilo linalokosekana katika friza nyingi za mijini.