"Mbegu isiyoogopa chumvi" ndiyo mbegu gani?

Jamani, haya maneno ya "mbegu isiyoogopa chumvi" tumeyatoa wapi? Nayasikia kwenye semina za kilimo, kesho yake nayasoma magazetini, letu likiwemo. Chumvi ikizidi, hata mmea sugu unaumia. Tofauti ni namna unavyopambana nayo, na mapambano hayo yana gharama.

Ingia ndani ya seli uone. Chumvi ikijaa udongoni, mizizi inashindwa kuvuta maji; shamba limelowa, mpunga una kiu! Kisha sodiamu inapenya, inakalia nafasi ya potasiamu na kuvuruga vimeng'enya. Seli inajitetea. Protini iitwayo SOS1, iliyo kwenye utando wa seli, inaisukuma sodiamu nje. Nyingine, NHX, inaitupia ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji katikati ya seli, isilete madhara. Papo hapo seli inatengeneza prolini na sukari ili maji yasiikimbie. Yote hayo yanakula nguvu ambayo ingejaza punje. Yaani mkulima anakatwa kodi kabla hajavuna.

Mwaka 2001 Zhang na Blumwald walitangaza nyanya iliyoongezewa nguvu ya NHX, ikazaa kwenye maji yenye karibu theluthi ya chumvi ya bahari. Kazi safi, sibishi. Ila mimi Kariakoo sijaiona mpaka leo. Mwaka 2012 Munns na wenzake kule Australia wakaonyesha ngano ya tambi, iliyorithishwa jeni ya ngano ya kale kwa kuchavusha tu, ikizidi mavuno kwa asilimia 25 kwenye udongo wa chumvi. Asilimia 25 si mchezo. Lakini chumvi shambani ilibaki palepale.

Na huo ndio ugomvi wangu. Maji ya umwagiliaji huja na chumvi kidogo kidogo. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, msimu baada ya msimu. Seli ina vakuoli. Skimu isiyo na mifereji ya kutolea maji itaitupa wapi? Nilimuuliza mtaalamu mmoja, akanijibu eti tusubiri mbegu! Nikaiandika, aya ikakatwa kwa sababu "haina mvuto". Uzinduzi wa mbegu una utepe, una mheshimiwa, una picha. Mfereji una tope tu.

Nimeshamwambia mhariri: habari ya mbegu nitaandika tena, lakini aya ya mifereji ikikatwa, jina langu nalo litoke.