Jiwe linatoka kwetu, nuru inasomwa wapi?

Wandugu wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita,

Saa ya kuchagua masomo ya universite inakaribia. Kiisha egzame ya Leta, wengi watasema sheria, wengine ekonomi, wengine wataenda kule wazazi wanawasukuma. Simkatazi mtu. Lakini kuna masomo yanayotugusa sisi watu wa Katanga ya zamani, na karibu hakuna anayeyataja: masomo ya nuru, yale tunayoita optike. Juu ya nini yanatugusa? Soma kwanza, kiisha uamue mwenyewe.

Kule Kipushi, karibu na Lubumbashi, ndani ya mawe ya shaba na zinki, iko madini moja inaitwa jermaniumu. Wataalamu walikuta pale jiwe lenye madini hiyo, na mwaka 1948 wakaliita renierite, kwa jina la Mbeleji Armand Renier. Ona: jiwe la kwetu, jina la mgeni. Takataka za viwanda vya shaba nazo zilirundikwa Lubumbashi mpaka zikawa mlima mweusi ambao kila msafiri anauona. Ndani ya mlima ule jermaniumu ilibaki. Mwaka 2024 kampuni STL, mtoto wa Gécamines, ilianza kuituma Ubeleji kwa kampuni Umicore ili isafishwe zaidi. Na tangu mwaka 2023, China ilipoweka masharti ya kuuza jermaniumu nje, wanunuzi wengi wanaitafuta sana.

Wanaitafuta kwa kazi gani? Kwa kazi ya nuru. Jermaniumu inapitisha nuru ya joto ambayo jicho halioni. Kwa hiyo wanatengeneza nayo vioo vya kamera zinazoona mtu gizani. Tena wanatia kidogo katikati ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Nuru ikiingia pale katikati haitoki. Inagonga ukingo na kurudi ndani, inagonga na kurudi, mpaka mwisho wa uzi. Ni ile sheria ya nuru kurudishwa yote, ambayo tunaandika katika kaye ya fizike na kuisahau kiisha interogasio. Kwa uzi huo telefone na intaneti za dunia zinapita. Hata nchi yetu iliunganishwa na uzi wa baharini pale Muanda mwaka 2013.

Nani alileta wazo hili? Si mtu mwenye mgodi. Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, alisoma London akapata udokta mwaka 1965. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Hockham waliandika kwamba nuru inapotea ndani ya kioo juu ya uchafu, si juu ya kioo chenyewe. Alisema kama sehemu 1 tu kwa 100 ya nuru ingefika mwisho wa kilometa 1, kazi ingewezekana. Leo zinafika karibu 95 kwa 100. Mwaka 2009 akapewa zawadi ya Nobel. Kumbe utajiri mkubwa haukutoka katika shimo, ulitoka katika kichwa kilichosoma.

Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Toka Lubumbashi mpaka Kamina kwa reli ni karibu kilometa 600. Sisi tunaijua safari ile! Nuru ndani ya kioo inakimbia karibu kilometa 200.000 kwa segonde moja. Kwa uzi wa kioo habari ingefika Kamina kwa sehemu 3 za elfu ya segonde. Treni tunaijua, elimu ya uzi hatuijui.

Wengine watajibu: "Wee, optike itatupa bukari gani? Hatuna laboratware, hata kura inakatika." Ninajibu kwamba optike ni sehemu ya fizike inayoweza kuanza bila mali. Mwaka 1841 pale Genève, Daniel Colladon alionyesha nuru ikifuata maji yanayomwagika. Fanya wewe pia: toboa chupa ya plastiki karibu na chini, jaza maji, usiku uwashe tochi upande wa nyuma, ikitazama tundu. Weka kiganja pale maji yanapoangukia. Nuru itapinda pamoja na maji na kukufikia mkononi. Uzi wa kioo unafanya vile vile.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. La kwanza ni letu: wenye nguvu katika hesabu na fizike wasikimbie kwa sababu tu sheria inaonekana kuwa na koti nzuri. La pili ni la universite, ile ya Lubumbashi iliyoanzishwa tangu wakoloni, na ile ya hapa Kamina: nuru isiwe sura moja ya kitabu, iwe masomo yenye profesere na utafiti wake. Wasingoje kiwanda kwanza. Watume hata vijana wawili kusoma. Tangu mwaka 2003 iko African Laser Centre kule Pretoria, inayounganisha watafiti wa Afrika. La tatu ni la Leta na Gécamines: kila mkataba wa kuuza jermaniumu ufungue nafasi za masomo kwa watoto wa nchi, ili siku moja waisafishe na kuvuta uzi wenyewe.

Mlima wa takataka utakwisha, maana kila kitu kinachochimbwa kinakwisha. Ukiisha bila sisi kujifunza, watoto wetu watabaki na vumbi, na watanunua uzi kwa bei ya mwenye kuutengeneza. Mwenye wazo lingine aandike katika namba inayofuata. Tubishane kwa faida.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita