Nora Mnamlaani, Yaya Je?

Haya jamani, wiki hii semina ya tamthilia ilichemka kweli kweli. Kisa ni Nora wa Henrik Ibsen, katika A Doll's House, tamthilia ya Norway ya mwaka 1879. Mwisho wake mnaujua: Nora anamwacha mume na watoto 3, anatoka, mlango unafungwa. Kina kaka wakasema mama gani huyo! Na kina dada nao, tena wengi tu, wakauliza hata kama mume ana kasoro, watoto wana kosa gani?

Mimi naona tunamhukumu haraka mno.

Tuanze na hilo kosa lake. Mume, Torvald Helmer, aliugua, madaktari wakasema asipopelekwa nchi za joto atakufa. Enzi hizo mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mumewe. Nora akakopa kwa siri kwa bwana Krogstad, akaghushi sahihi ya baba yake kama mdhamini, akampeleka mgonjwa Italia, akapona. Deni akawa analipa kidogo kidogo, kwa kujibana na kufanya vibarua vya kunakili maandishi usiku. Helmer alipogundua, badala ya kushukuru alimwita mwongo na mhalifu. Akasema hatamruhusu tena kulea watoto, ila abaki mle ndani ili watu wasijue. Umeona hapo? Aliyeanza kumtenga Nora na wanawe ni baba yao! Hati ya deni iliporudishwa ndipo eti "akamsamehe".

Lakini ninayetaka tumwangalie leo ni Anne-Marie, yaya. Anaonekana kidogo tu, ukisoma kwa haraka unampita. Alikuwa binti maskini, akapata mimba, mwanamume hakumsaidia chochote. Ikabidi amwache mtoto wake kwa watu baki ili aje kumlea Nora, ambaye hakuwa na mama. Binti yake huyo alimwandikia alipopata kipaimara na alipoolewa. Basi.

Semina nzima hakuna aliyemlaani Anne-Marie. Mama akimwacha mwanawe akalee wa tajiri, tunamwita mvumilivu. Akimwacha ili ajitafute mwenyewe, tunasema hana utu. Sasa kama kweli uchungu wetu ni wa watoto, mbona wa Anne-Marie hatumlilii? Na wangapi kati yetu tumelelewa na dada wa kazi aliyeacha wake kijijini?

Mwaka 1880 huko Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma kuigiza mwisho ule, akisema yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen, shingo upande, akaandika mwingine: Helmer anampeleka Nora mpaka mlangoni kwa watoto, naye anaishiwa nguvu, anabaki. Yaani tamthilia ilibadilishwa ili Nora asiondoke. Sijasikia aliyedai ibadilishwe ili yaya arudishiwe binti yake.

Sisemi Nora ni malaika. Wale watoto wataamka wamuulize mama, na wa kuwajibu ni Anne-Marie yule yule.

Wenzangu wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha, swali la "Je, Nora alikosea?" wanafunzi watalimaliza kwa dakika 2. Waulizeni la yaya, muone darasa litakavyonyamaza.

Nawasilisha. Wewe unasemaje?