Umenuniana na Shoga Yako kwa Ajili ya Staa? Kaa Hapa Tuongee

Leo sijaja na ubuyu. Mliokuja kujua nani kaachana na nani mtanisamehe, leo nina la moyoni.

Mwenzenu nimekaa miezi saba bila kuongea na shoga yangu niliyesoma naye toka fomu wani. Tumegawana sabuni ya mche bwenini, tumefeli hesabu pamoja. Hakuniibia hela, hakunichukulia bwana. Tuligombana kisa wasanii wawili wa Bongo Fleva. Yeye na timu yake, mimi na yangu. Majina sitaji, maana nikitaja tu vita inaanza hapo chini.

Ilianza kama utani. Staa wangu katoa wimbo, nikauweka status, shoga akasema biti ya kuiba. Nikamjibu, akanijibu, tukahamia Instagram. Huko ndiko nilikoandika maneno kuhusu sura ya mtoto wa staa wake. Mtoto mchanga jamani, hata kukaa hajaweza! Shoga akaniandikia, "Kumbe ndivyo ulivyo." Nikambloki.

Mwezi wa nne wa kununiana, mama yake akafariki. Mama ambaye nikienda kwao alikuwa ananiwekea vitumbua pembeni. Shoga alinipigia siku hiyo hiyo, hakunipata, si nilishambloki? Habari nilikuja kuisikia saluni, wameshazika siku tatu zilizopita. Nilijua nimekosea, ila aibu ikanishika, nikapoteza miezi mitatu mingine.

Na wale mastaa wetu? Nikawaona kwenye picha ya harusi ya mtu, wamekumbatiana, meno yote nje.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi tuache kupenda. Kuna watu wanatucheka eti unamlilia mtu asiyekujua. Mimi nawakatalia. Aprili 2012 Kanumba alipofariki nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakilia mbele ya TV, na umati uliojaa Leaders kumuaga. Wengi wao hawakuwahi kumpa hata mkono. Ila alishaingia sebuleni kwao, alishawaliza na kuwachekesha. Yale machozi hayakuwa ya uongo.

Hata bibi yangu ana tamthilia yake ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kuna mama mkwe mmoja humo, bibi anamtukana kama jirani yake. Siku bi harusi alipoonewa, bibi aligoma kula. Lakini tamthilia ikiisha anazima TV, anarudi kwenye maharage yake, na mama mkwe wa kweli wa mtaa wa pili anamsalimia vizuri tu. Bibi anajua mpaka uko wapi. Sisi wenye simu kubwa ndio hatujui.

Na timu hazijaanza na sisi. Mama anasema enzi zao ilikuwa Msondo na Sikinde kwenye dansi, TOT na Muungano kwenye taarabu. Wakaja kaka zetu na East Coast ya Upanga dhidi ya TMK Wanaume wa Temeke. Vijembe vilikuwepo, tena vya moto. Tofauti ni kwamba ukimsema mtu ulimwona usoni, na kesho asubuhi mnakutana bombani na ndoo zenu. Ilibidi ubakize maneno. Siku hizi tunatukana mtu tusiyemwona, kwa akaunti isiyo na picha, halafu tunalala usingizi.

Halafu tujiulize, nani anafaidika? Sisi tukitukanana wimbo unasikilizwa, kurasa za umbea zinapata watu, matangazo yanaingia. Wewe unabaki na bando lililoisha na rafiki aliyenuna. Staa wako hajui kama una shoga, sembuse kama mmegombana.

Mimi nimejiwekea sheria moja tu: wimbo nausema, mtu simsemi. Sauti mbaya, video mbovu, biti ya kuiba, ruksa. Mama yake, mtoto wake, ugonjwa wake, nafunga mdomo. Na shabiki wa upande wa pili simwandikii kitu ambacho nisingeweza kumwambia tukiwa tumekaa siti moja ya daladala.

Jumapili iliyopita nilijikaza nikaenda. Nilibeba sukari kilo 2 na rambirambi kwenye bahasha, miezi mitatu baada ya msiba. Nikamwambia, "Pole shoga, nisamehe." Hakusema kitu muda mrefu. Akainuka, akadhani sioni anavyofuta macho, akaleta chai. Hatujawa kama zamani, siwadanganyi. Ila wakati naondoka alinisindikiza hadi stendi, na pale kwenye kibanda cha chipsi ukawa unapigwa wimbo wa staa wangu. Akanitazama, akasema, "Biti bado ya kuiba."

Nimefurahi mpaka nikalia kwenye daladala.

Haya, na wewe uliyemnunia nani kwa ajili ya staa? Niambie hapo chini. Matusi nafuta.