Gilead Haina Masuria

Wapo wasomaji wa pwani ambao, wakishakimaliza kitabu cha Margaret Atwood, The Handmaid's Tale, kilichotoka mwaka 1985, hukifunga na kusema: haya kwetu si mageni, hawa si masuria tu? Basi mfasiri na atie neno suria, shughuli iishe. Hiyo ni rai nyepesi, na wepesi wake unadhulumu pande mbili.

Na itazamwe dini yenyewe. Gilead ni dola ya kubuni iliyosimikwa Marekani, zama ambazo sumu na mionzi vimekausha vizazi. Imani yake juu ya uzazi imeng'ang'ania kisa kimoja cha Mwanzo: Raheli, aliyekosa mtoto, anamtoa mjakazi wake Bilha kwa Yakobo. Kwa kisa hicho ikatungwa ibada. Kamanda hufungua Kitabu, ambacho wanawake hawaruhusiwi kukisoma, kisha mwanamke mwenye rutuba hulazwa baina ya miguu ya Mke, na tendo likatendwa kama palizi. Mapenzi hayamo. Jina lake pia halimo: huitwa "wa Fred", na akihamishwa, jina humwachia ajaye. Mgumba kisheria ni mwanamke daima; kumtaja mwanamume kuwa tasa ni mwiko. Akijaaliwa kuzaa, mtoto ni wa Mke. Yeye atanyonyesha kwa muda, kisha apelekwe nyumba nyingine.

Hapo ndipo neno suria linapogoma. Katika sheria iliyofuatwa Unguja, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, mwenye kurithi pamoja na nduguze wa ndoa. Na mama yake alibaki mama yake, hauziki tena, na bwana akifa yu huru. Salme binti Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alizaliwa na suria wa Kicherkesi, na mama huyo yumo kitabuni kwa mapenzi makubwa. Bilha wa Gilead hana mtoto wa kumwandika.

Lakini asichekelee mapema anayetaka kusafisha nyumba yake kwa uchafu wa jirani. Suria hakuulizwa, alinunuliwa. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaweka masuria kando, wakahesabiwa kama wake. Wakangoja mpaka 1909. Miaka kumi na miwili ya kuolewa na karatasi!

Neno lifaalo ni mjakazi. Watasema lina harufu ya ufagio na mtungi, halina tumbo. Ni kweli, na ndiyo sababu litumike: ndilo lililomo katika Biblia za Kiswahili, na Gilead haikuunda msamiati wake, iliupora kutoka Maandiko. Msomaji akikutana na suria ataliona jambo la ua wa babu yake. Akikutana na mjakazi ataisikia aya aliyosomewa kanisani, au aliyomsikia jirani akiisoma, imegeuzwa pingu. Tafsiri isiyomtia msomaji hofu hiyo ni heri ikae sandukuni.

Na kisa chenyewe kirejewe. Watoto walipozaliwa, Raheli ndiye aliyewapa majina, Dani na Naftali. Neno alilolisema Bilha siku hizo halimo katika Mwanzo, kwa lugha yoyote.